Alama ya vema aliyoitia Helka kabla ya kuuona waya

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Helka Immonen amepiga magoti kwenye sakafu ya wodi ya wagonjwa mahututi. Mbele yake mfuko wa taka umepasuliwa kwa mkasi na kutandazwa, na yeye anakunjua kitambaa kimoja kimoja, anakikung'uta, anakiweka upande wa kushoto. Anatafuta waya.

Waya wenyewe ni mwembamba kama uzi wa gitaa. Una urefu wa sentimita sitini na ncha yake ya mbele imepinda mfano wa ndoano ndogo isiyo na makali. Nusu saa iliyopita ulikuwa mikononi mwa daktari. Sasa haupo kwenye trei, haupo kwenye vitambaa, wala haupo chini ya kitanda.

"Sindano tatu, zipo," anahesabu kwa sauti ndogo. "Kisu, kipo. Mabomba mawili, yapo. Kipanuzi cha tundu, kipo." Ananyanyua duara la plastiki ambalo waya huja umeviringwa ndani yake, analigeuza kwenye mwanga. "Nyumba ipo. Mwenye nyumba hayupo."

Hatua mbili kutoka hapo, kitanda namba mbili, amelala Lempi Hakkarainen, miaka 78, mfugaji mstaafu wa ng'ombe wa maziwa. Maambukizi yalianzia kwenye figo yakaingia kwenye damu, na tangu jana usiku presha yake imekuwa ikishuka. Ndiyo sababu amewekewa mrija shingoni, kwenye mshipa mkubwa unaoelekea moyoni, ili apewe dawa kali ambazo mishipa midogo ya mkono haizihimili kwa muda mrefu.

Ikiwa waya haumo ndani ya mfuko ule wa taka, basi umo ndani ya Lempi.

Kuna jambo jingine. Miguuni mwa kitanda, kwenye ubao, imebanwa karatasi ya mistari mitano. Mstari wa tatu unasema: "Waya umetoka, umeonekana." Pembeni yake pana alama ya vema kwa wino wa bluu. Alama hiyo ameitia Helka. Karatasi yenyewe pia ni ya Helka. Ndiye aliyeitunga, miaka minne iliyopita.

Daktari Iida Sorvari, miaka 31, aliyeweka mrija, amesimama karibu na dirisha na glovu bado mkononi.

"Umepata?" anauliza.

"Bado."

"Labda umeingia kwenye kopo la sindano."

"Nimeshachungulia." Helka anainuka, magoti yanalia. "Iida, ule mdomo wa kahawia wa mrija haukurudisha damu ulipovuta kwa bomba."

"Nilidhani umegusa ukuta wa mshipa."

"Na mimi nilidhani hivyo."

Kisha Helka anasema kwa sauti ile ile aliyohesabia sindano: "Tusipitishe kitu humo. Funga klipu. Dawa ya presha tuirudishe mkononi kwa sasa. Mimi naita eksirei."

Helka ana miaka 57. Alianza kazi katika hospitali hii ya mji wa Pihlajakoski akiwa na miaka kumi na tisa, akibeba trei za chakula na kubadilisha mashuka. Uuguzi aliusomea akiwa na miaka thelathini na watoto wawili. Tangu amalize, ni miaka ishirini na minne amekuwa kwenye wodi hii hii yenye vitanda sita.

Si mtu wa maneno mengi. Wenzake wanasema unaweza kufanya naye kazi zamu nzima na ukaondoka na sentensi tisa, nazo zote ni za maana.

"Kwetu ilikuwa hivyo," anasema. "Baba alikuwa fundi wa mitumbwi na mbao za kutelezea kwenye theluji. Akishika randa, mama alikuwa anatembea kwa vidole. Sisi watoto tulikuwa tunatoka nje. Hakutukataza. Ni heshima tu. Mtu akiwa na kazi mkononi, unamwachia amani ya kazi yake."

Heshima hiyo ndiyo iliyomponza.

Miaka minne iliyopita, mwezi wa Novemba, alikuwa akimsaidia daktari mwingine, ambaye sasa amehama, kumwekea mrija kama huu mzee Eevert Lampila, dereva mstaafu wa greda la kusukuma theluji. Kazi ilikwenda vizuri. Helka alipoanza kukusanya vitu aliliona duara la plastiki likiwa tupu na waya hauonekani popote kwenye trei.

"Niliona," anasema. "Nataka hilo liandikwe. Niliona. Daktari alikuwa anashona mrija kwenye ngozi, ameinama, na mimi nikajiambia: atakuwa ameuweka mahali, anajua anachofanya, akimaliza nitauliza. Alipomaliza kulikuwa na mgonjwa mwingine anayeingia. Sikuuliza."

Mashine ya eksirei siku hiyo ilikuwa mbovu, na picha iliyopigwa kwa ile ya kubeba ilikuwa na giza. Aliyeisoma aliangalia ncha ya mrija, akaridhika. Waya ulikaa ndani ya Eevert siku mbili. Siku ya tatu moyo wake ulianza kurukaruka, picha nyingine ikapigwa, ukaonekana. Alisafirishwa kilomita mia moja na arobaini kwenda hospitali kubwa, waya ukatolewa, akapona.

Ripoti ya tukio ilisema waya "haukugundulika". Helka aliisoma mara mbili. Kisha akaenda kwa muuguzi mkuu akaomba sentensi hiyo irekebishwe, na Jumamosi iliyofuata akapanda basi hadi nyumbani kwa Eevert.

"Nilimwambia kwamba mimi niliona na sikusema. Akanimiminia kahawa. Kisha akasema, 'Kahawa inapoa.' Nikanywa. Nikarudi nyumbani."

Anaongeza: "Sijui kama ulikuwa msamaha. Lakini alinimiminia kikombe cha pili."

Majira yale ya baridi aliandika karatasi. Hakuna aliyemtuma. Alisoma alichoweza kupata, akapiga simu kwenye hospitali nyingine, akapima muda wa kila hatua kwa saa ya jikoni. Mwishowe akabaki na mistari mitano, na wa tatu ndio uliokuwa moyo wake: daktari anayeweka mrija aseme kwa sauti "waya umetoka", na muuguzi aliyepo atie alama.

Madaktari walimcheka. Mmoja alimuuliza wakati wa kahawa kama baada ya hapo wataanza pia kuzisalimia sindano na kuzijulia hali. Mwingine alisema amekaa kwenye ndoa miaka ishirini bila kusema jambo lililo dhahiri, hawezi kuanza sasa kwa ajili ya kipande cha chuma.

Lakini walizoea. Leo kila mtu kwenye wodi hii hulisema neno hilo. Karatasi zilizojazwa hutunzwa kwenye majalada ya kijani ofisini, na idadi yake imefika 1,286.

Kosa lenyewe ni rahisi kueleweka, na Helka hulieleza kwa wanafunzi bila kutumia neno moja la kitabuni.

"Umewahi kuingiza kamba kwenye pindo la suruali ya kulalia?" huwauliza. "Usiposhika ncha ya nyuma, kamba yote inazama ndani. Hapa ni vile vile. Sindano inatoboa mshipa. Waya unapita ndani ya sindano. Sindano inatolewa, waya unabaki. Mrija unavishwa juu ya waya, unasukumwa. Kabla hujasukuma lazima ncha ya waya itokeze nyuma ya mrija, na uishike. Ukiachia, mrija unaupeleka waya ndani. Tofauti ni kwamba pindo la suruali halina moyo mwisho wake."

Saa tatu na dakika ishirini na tano picha inatokea kwenye kioo. Hakuna anayehitaji kuonyeshwa. Mstari mweupe, mwembamba kama unywele, unaanzia chini ya shingo, unashuka kando ya moyo, unapita chini ya ini na kuishia tumboni.

Iida anaweka kiganja mdomoni. Helka anachukua simu na kumpigia Auvo Kinnari, daktari wa mionzi. Kinnari huja Pihlajakoski Jumanne na Alhamisi tu. Leo ni Jumanne.

"Auvo, tuna waya mshipani. Kitanda cha pili. Wote uko ndani."

Sauti ya Kinnari inasikika hadi kwa waliosimama kando. Ametoka mkoa wa Savo, na watu wa huko hawakuzaliwa na swichi ya kuzimia maneno. "Usimwinue, usimgeuze, usimruhusu hata kupiga chafya. Ameunganishwa na mashine ya kufuatilia moyo?"

"Ameunganishwa tangu jana."

"Malaika wewe. Nipeni saa moja, niandae meza. Na Helka."

"Ndiyo."

"Mwambieni mgonjwa kabla sijafika. Mimi nikianza kueleza tutamaliza Krismasi."

Iida anavuta kiti. Anaketi, uso wake uwe sawa na wa mgonjwa. Mikono ameiweka magotini. Lempi yuko macho. Amechoka, midomo imekauka, lakini macho yake ya buluu yanafuata kila kitu.

"Lempi, nimefanya kosa," anasema Iida. "Waya niliotumia kuweka mrija shingoni haukutoka. Umo ndani ya mshipa wako."

Mashine inalia mara nne, tano.

"Waya wa namna gani?"

"Wa chuma. Mwembamba, unapinda. Sentimita sitini."

"Sitini!" Lempi anapandisha nyusi. "Huo si waya, binti. Huo ni uzio."

Iida hajui acheke au alie. Lempi hampi muda wa kuchagua.

"Ng'ombe wangu kila mmoja alikuwa na sumaku tumboni. Unamsukumia kooni akiwa mtamba. Akimeza msumari malishoni, sumaku inaushika, hauendi kutoboa moyo. Nyinyi hamna sumaku?"

"Hatuna."

"Daktari wa mifugo wa kwetu alikuwa nazo mfuko mzima kwenye gari."

"Sisi tuna kitanzi," anasema Helka, aliyesimama upande wa pili wa kitanda. "Daktari Kinnari ataingia kwenye mshipa wa kinena, ataunasa waya kwa kitanzi na kuuvuta utoke. Utakuwa macho. Utachomwa ganzi hapo kinenani tu."

"Kama kumnasa farasi."

"Kama hivyo."

"Hatari yake?"

Iida anamweleza bila kupunguza: waya unaweza kuusumbua moyo, damu inaweza kuganda juu yake, na kuuacha ni hatari zaidi kuliko kuutoa. Lempi anasikiliza na kutikisa kichwa kidogo tu, kwa kuwa amekatazwa kukitikisa.

Helka bado hajaondoka. "Kuna jambo jingine, Sista..." anaanza, kisha anajikwaa, kwa kuwa yeye ndiye sista hapa. Lempi anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Sema tu, Sista Helka."

"Iida alisema waya umetoka, na mimi nikaandika kwamba nimeuona. Sikuuona. Nilikuwa nimegeuka, nafungua dawa yako."

"Uliandika kabla ya kuona."

"Ndiyo."

"Na nani aligundua kwamba haupo?"

"Mimi."

Lempi anafumba macho. Inaonekana kama amelala. Kisha anasema, bila kuyafumbua: "Basi umejishitaki mwenyewe na kujikamata mwenyewe. Polisi wa kwetu wangekupenda, wana uhaba wa mafuta ya gari."

Baadaye, walipokaa wakimsubiri Kinnari, waliyapanga yaliyotokea kwa utaratibu, kila mmoja akisema sehemu yake.

Iida alikuwa amevisha mrija juu ya waya. Simu ya zamu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa idara ya dharura. Helka akaitoa mfukoni, akaiweka sikioni mwa Iida, kwa kuwa mikono ya Iida ilikuwa safi na haikuruhusiwa kugusa kitu. Iida akajibu swali moja, "ndiyo, kitanda cha tano kiko wazi," na wakati huo huo mkono wake ukasukuma mrija. Mashine ikalia: presha ya Lempi ilikuwa imeshuka tena. Helka akageukia dawa. Iida akasema neno linalofuata kwenye karatasi. Helka akalisikia, akatia alama kwa mkono wa kushoto.

"Nilisema waya umetoka," anasema Iida taratibu, "kwa sababu hapo ndipo husemwa."

"Na mimi nilitia alama," anajibu Helka, "kwa sababu hapo ndipo hutiwa."

Kinachobaki ni kwamba Helka ana tabia moja ambayo haimo kwenye karatasi yoyote. Hafungi mfuko wa taka kabla hajahesabu vilivyomo. Hakuna aliyemfundisha. Alianza baada ya Eevert, na hakuwahi kuona sababu ya kuiandika, kwa kuwa alidhani ni wasiwasi wake binafsi.

Kazi ya Kinnari inachukua dakika ishirini na mbili. Amevaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, yenye picha za sungura, zawadi ya binti yake, na anazungumza mfululizo: kuhusu barafu ya ziwani iliyoanza kulegea, kuhusu shemeji yake aliyezamisha pikipiki ya theluji, kuhusu bei ya kuni. Lempi, chini ya kitambaa, anamjibu. Huyo shemeji, Lempi anamjua.

"Familia ile yote ni wazito," anasema. "Babu yao alizamisha trekta."

Kwenye kioo kitanzi kinapanda kutoka kinenani kama uzi wa buibui. Kinakosa mara ya kwanza. Kinakosa mara ya pili. Mara ya tatu kinazunguka ncha ya waya, Kinnari anakikaza, na kwa mara ya kwanza asubuhi nzima ananyamaza. Anavuta polepole. Moyo wa Lempi unaruka mapigo mawili, kila mtu anautazama, unatulia. Waya unatoka kwenye mshipa, mwekundu, mzima, ndoano yake ikiwa haijakatika.

Helka anaupima kwa rula. Sitini kamili. Mrija wa shingoni nao unatolewa.

Kwa kuwa Lempi bado anahitaji dawa zile kali, Kinnari anaweka mrija wa muda kwenye tundu lile lile la kinena. Mrija huo nao huwekwa kwa waya. Anapoufikia, anasimama.

"Jamani, mnanitazama kama naiba," anasema.

"Endelea tu, Auvo," anasema Helka.

Macho manne, ya Helka na Iida, yanaufuata waya ule wa pili tangu unapoingia hadi unapotoka. Helka ananyoosha bakuli la chuma, Kinnari anaudondosha ndani, unalia kidogo.

"Ningependa kuuona nami," inasikika sauti ya Lempi.

Wanamwonyesha nyaya zote mbili. Anaziangalia kwa makini, kama mtu anayekagua bidhaa sokoni. "Chuma kizuri," anasema. "Hakishiki kutu."

Saa saba kasorobo, kwenye chumba cha kahawa, mikate ya iliki iko mezani na hakuna aliyeigusa isipokuwa Kinnari. Iida amemaliza kuandika taarifa ya tukio na ile ya kumsaidia Lempi kudai fidia akitaka. Macho yake ni mekundu.

"Usijikaange mwenyewe kabla ya chakula cha mchana," Kinnari anamwambia, akisukuma sahani upande wake. "Kula. Umeukamata ndani ya saa moja. Wengine huukamata mgonjwa akiwa kaburini."

"Sikuukamata mimi."

"Basi mmeukamata. Wingi."

Helka hayumo kwenye mazungumzo. Ameleta majalada manne ya kijani kutoka ofisini na anayapitia, karatasi moja baada ya nyingine, akitenga zenye sahihi yake. Anamaliza baada ya muda mrefu. Ni 211.

"Zote zina alama," anasema. "Ninajiuliza ni ngapi kati ya hizi niliuona waya kwa macho yangu. Sijui. Nikisema mia mbili nitakuwa nabahatisha. Nikisema mia moja nitakuwa nabahatisha pia."

"Lakini wote walipigwa picha," anasema Iida. "Hakuna aliyebaki nao."

"Ndiyo. Picha ndiyo iliyokuwa inawalinda. Mimi nilidhani ni neno langu." Analifunga jalada. "Nilikuwa nauogopa ukimya, nikaweka neno. Mwaka wa kwanza kila aliyelisema alikuwa anatazama, kwa sababu lilikuwa geni, lilikuwa linawatia aibu. Walipolizoea wakaacha kutazama. Nami niliacha. Sikuona lini."

Kinnari anaacha kutafuna.

Saa nane Helka anarudi kitanda cha pili kubadilisha dripu. Presha ya Lempi imepanda kidogo. Mashavu yana rangi. Anataka kuketi, lakini mrija wa kinenani hauruhusu, na Helka anamweleza kwamba hauwezi kukaa hapo siku nyingi kwa kuwa pale ni rahisi kuambukizwa. Itabidi wamwekee mwingine shingoni, upande wa kushoto, kesho.

Helka anangoja. Hili ndilo alilokuwa akiliogopa tangu asubuhi: kwamba mama huyu atakataa, atakuwa na haki ya kukataa, na bila mrija dawa hazitaweza kuendelea kama inavyotakiwa.

"Nani ataweka?"

"Iida, kama utakubali. Ukitaka mwingine, tutamwita mwingine."

"Huyo huyo. Ng'ombe akikupiga teke leo, kesho unamkamua wewe mwenyewe, la sivyo utamwogopa maisha." Anaelekeza kidevu kwenye ubao miguuni mwa kitanda. "Lakini ile karatasi yako siipendi."

"Hata mimi siipendi."

"Nimefunga uzio miaka arobaini na mitatu, Sista. Kila kiangazi. Kipande cha waya kikibaki kwenye nyasi, ng'ombe anakimeza, na sumaku si mungu. Sasa mimi nikikata kipande sikuwa nasema 'kipande kimekatwa'. Nimwambie nani, ng'ombe? Nilikuwa natia mfukoni. Jioni nakung'uta mfuko mezani, nahesabu vipande. Vipande havitoshi, narudi malishoni na tochi. Mume wangu alikuwa anaita wazimu."

"Uliwahi kupoteza ng'ombe?"

"Mmoja. Kabla sijaanza kutia mfukoni."

Helka anaandika neno moja kwenye kiganja chake kwa kalamu: "mfukoni".

Saa tisa zamu inaisha. Helka haendi kubadilisha nguo. Ameketi kwenye meza ya ofisi na karatasi mpya, penseli badala ya wino, na Iida amesimama nyuma yake akisoma juu ya bega.

Mstari wa kwanza umekwisha andikwa: simu ya daktari ibaki kwa mtu aliye nje ya chumba. Wa pili: mrija usisukumwe mpaka ncha ya waya ishikwe nyuma ya mrija, na kama haionekani, rudisha waya nyuma hadi ionekane. Wa tatu umefutwa na kuandikwa mara tatu. Sasa unasomeka: waya ukitoka uwekwe kwenye kisanduku cha plastiki kinachoonyesha ndani, mkononi mwa muuguzi, upimwe kwa rula, ukae miguuni mwa kitanda mpaka picha isomwe. Alama haitiwi kwa kusikia.

"Neno umeliondoa?" anauliza Iida.

"Neno libaki. Halidhuru. Ila lisihesabiwe."

"Na trei?"

"Isiguswe mpaka waya uwe kwenye kisanduku. Mfuko usifungwe." Anaandika hilo pembeni, kwa herufi ndogo, na inaonekana linamgharimu kidogo kuiandika tabia yake mwenyewe.

Mstari wa nne ndio unaowakwamisha. Leo asubuhi muuguzi alikuwa mmoja na presha ilikuwa inashuka. Angekuwa na kisanduku, angekuwa na rula, bado angekuwa na mikono miwili.

"Andika daktari asubiri," anasema Iida.

"Presha haisubiri."

"Andika aitwe mtu wa pili."

"Saa kumi usiku, tuko wawili kwa vitanda sita. Atatoka wapi?"

"Basi andika..." Iida anavuta kiti, anaketi. Wanaitazama karatasi pamoja.

Helka amebakiza miaka sita kustaafu. Anasema haombi sifa wala cheo. Anataka kuiacha karatasi ambayo mtu aliyechoka hawezi kuijaza bila kuuona waya. Wodi mbili za jirani zilichukua karatasi yake ya zamani na kuisambaza. Kesho ataanza kuzipigia simu. "Itabidi niwaambie kwamba nilikosea," anasema. "Hilo ni rahisi zaidi kuliko la Eevert. Yule alinipa kahawa. Hawa nitawapelekea mimi."

Anaandika namba 4, anaweka nukta, na kuacha nafasi tupu. Karatasi anaibana kwenye ubao kama ilivyo, na penseli anaining'iniza kwa uzi, ili atakayepata jibu usiku aandike.

Akiwa tayari amevaa koti anapita kitanda cha pili.

"Kesho saa moja na nusu, Lempi. Kisanduku kitakuwa mbele yako. Karatasi haijakamilika, nakwambia mapema. Tutaifanya kwa kadiri ilivyo, na wewe utatazama pamoja nasi."

"Saa moja na nusu?" Lempi anaguna. "Sista, mimi nimekamua tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Saa kumi na moja niko macho. Nyinyi ndio msichelewe."